Bwana Nyoka wa Newala, na nyoka wetu wanaouzwa ng'ambo

Kuna mji Ujerumani unaitwa Hamm. Mara kadhaa kwa mwaka, kumbi zake za maonyesho hujaa watu kutoka kila pembe ya Ulaya waliokuja kununua nyoka. Umesoma vizuri: kununua. Chukua soko letu la Ishiara lilivyo likijaa, toa ndengu na maembe, weka vikasha vya plastiki. Ndani ya kila kikasha kuna nyoka amejikunja, na juu kuna karatasi ya jina na bei. Mteja anainama, anachungulia, anauliza anakula nini na ana umri gani, anabembeleza bei, halafu anaenda zake na nyoka mkononi kama wewe unavyobeba kilo mbili za nyanya.

Najua unachowaza. Huku Mbeere ukimwona moma kando ya njia, cha kwanza unatafuta ni jembe. Kuna watu wanamlipia pesa?

Wanalipa, na si jambo la jana. Ukitaka kujua biashara hii ilivyokuwa ikifanyika Afrika Mashariki kabla ya mitandao, kuna mzee mmoja lazima umjue. Jina lake refu ni Constantine John Philip Ionides. Wazungu wenzake walimwita Iodine, ile dawa ya kidonda. Watu wa kusini mwa Tanganyika walimpa jina lililomkaa zaidi: Bwana Nyoka.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, kwenye ukoo wenye asili ya Ugiriki. Si ukoo wa mchezo. Walikuwa matajiri wa London, na mmoja wao aliacha mkusanyiko wa picha ambao mpaka leo uko katika jumba kubwa la makumbusho la mji huo. Kijana huyu picha hazikumhusu. Alipelekwa shule ya Rugby, mojawapo ya zile shule za watoto wa wakubwa, na hakuipenda hata kidogo. Kilichomshika ni vitabu vya Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyezunguka Afrika na bunduki. Kumbuka hilo jina, litarudi.

Alipitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akawa afisa, akapelekwa India, na katikati ya miaka ya 1920 akaingia Tanganyika na jeshi la King's African Rifles, ile KAR ambayo babu zetu wengi waliitumikia. Jeshi lilimchosha. Akatoka, na unajua akawa nani? Jangili. Aliwinda tembo kimagendo kwa ajili ya pembe zao, bila haya, na baadaye hakuwahi kuficha. Halafu mwaka 1933 serikali ya kikoloni ikamwajiri kuwa askari wa wanyamapori, kituo chake Liwale, kusini kabisa. Mwizi wa kuku kapewa ufunguo wa banda. Ajabu ni kwamba aliifanya kazi hiyo kwa moyo kwa zaidi ya miaka ishirini, akifuata tembo walioharibu mashamba na simba waliokula watu.

Nyoka walikuja baadaye, miaka ya 1940, akiwa mtu mzima. Alianza kuwakamata kwa udadisi, kisha ikageuka kazi. Alipostaafu wanyamapori alihamia Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, na huko ndiko hadithi yenyewe ilipo.

Newala kulikuwa na nyoka wawili waliompa jina. Wa kwanza ni yule wa kijani anayeishi juu ya miti, ambaye Kiingereza kimemwita mamba, jina ambalo kwetu ni la yule mnyama wa Mto Tana. Ni mwembamba, mwepesi, na sumu yake haina mzaha. Hutulia kwenye miembe na mikorosho, katikati ya majani ya rangi yake, na unaweza kukaa chini ya mti huo mchana kutwa ukipiga stori usijue. Ionides alitengeneza mti mrefu wenye koleo mwishoni. Alisimama chini, akaupeleka juu polepole kati ya matawi, akamshika, akamshusha. Ukikosea hapo, nyoka anakuangukia kichwani.

Wa pili ni moma wa Gaboni. Huyu ni mnene kama paja, mgongo wake una michoro kama zulia la gharama, na meno yake ya sumu ndiyo marefu kuliko ya nyoka yeyote duniani, karibu sentimita tano. Lakini ni mpole na mzito. Ionides alimgusa kwanza kwa kijiti kupima hasira zake, halafu akainama, akamshika shingo kwa mkono wake mtupu, mkono wa pili ukibeba tumbo, akamnyanyua kama mtu anayenyanyua mtoto aliyelala. Waandishi wa Uingereza walisafiri mpaka Newala kuona tu hilo. Mmoja wao, Margaret Lane, alimwandikia kitabu kizima mwaka 1963. Na usidhani alikuwa na hirizi: aliumwa mara nyingi, na vidole vyake vilibeba alama.

Alikamata maelfu. Si mamia, maelfu. Walienda bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, majumba ya makumbusho, likiwemo la Nairobi wakati ule likiitwa Coryndon, na kwa watu waliohitaji sumu. Hiyo ya sumu nayo ni kazi ya maana: nyoka anakamuliwa, sumu inadungwa farasi kidogo kidogo, na kutoka kwenye damu ya farasi inapatikana dawa ya kumwokoa aliyeumwa. Kwa hiyo nyoka alikuwa bidhaa, mwenye mnunuzi na safari ya ndege.

Sasa swali ambalo mimi, kijana niliyeacha chuo na anayejua kila shilingi inatoka wapi, huwa najiuliza kwanza: nani alimwona nyoka?

Maana mzungu mmoja hawezi kupata maelfu ya nyoka kwa kutembea tembea. Ionides alipata kwa sababu Wamakonde walimwambia. Mtu alikuwa shambani, akamwona nyoka kwenye mkorosho, akamwacha mwenzake akikodolea macho asimpoteze, yeye akakimbia mpaka kwa Bwana Nyoka. Mzee akachukua fimbo zake na masanduku, wakaenda, na aliyeonyesha akalipwa. Hapo kuna ujanja wa maana, na nampa alama zake. Kabla yake nyoka alikuwa wa kuuawa tu. Yeye alimfanya awe na thamani akiwa hai, na habari yake ikawa na bei. Hakumtaka mwanakijiji amshike, maana hiyo ingekuwa kumtuma mtu akafe. Alinunua jicho lake tu.

Lakini piga hesabu kwa upande wa pili. Aliyeonyesha alipata zawadi ndogo, mara moja. Nyoka akafika ng'ambo na karatasi yenye jina la Ionides. Kuna hata mjusi mmoja asiye na miguu, anayeishi ardhini, ambaye sampuli yake ilitoka Liwale na mwaka 1950 wanasayansi wakampa jina lake: Loveridgea ionidesii. Wenye macho yaliyofanya kazi hiyo wakabaki bila jina kwenye karatasi yoyote. Simlaumu yeye peke yake, ndivyo ilivyokuwa. Ila ukimsoma kama shujaa, isome na hiyo.

Na kuna kubwa kuliko hiyo. Selous, yule wa vitabu vya utotoni, aliuawa vitani Tanganyika mwaka 1917, na hifadhi ya wanyama ikapewa jina lake. Ionides ndiye aliyesukuma hifadhi hiyo ipanuke mpaka ikawa miongoni mwa kubwa zaidi Afrika. Wapo wanaomwita baba wa Selous. Upanuzi huo ulikwenda pamoja na kuwahamisha watu. Katika miaka ya 1940, sababu iliyotolewa ikiwa ugonjwa wa malale, vijiji vya upande wa Liwale viliondolewa, na mashamba ya watu yakarudi kuwa pori. Unapoona picha za tembo wa Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ujue kuna makaburi ya mababu humo ndani ambayo wajukuu hawayafikii.

Yeye mwenyewe aliomba alale huko huko. Hakuoa. Alivuta sigara mfululizo, miguu ikaharibika, na mwaka 1968 akafariki Nairobi. Kaburi lake liko ndani ya Selous.

Mwaka huo huo wa 1968 kuna jambo lilitokea karibu na sisi, na ndilo limenifanya nikuandikie haya yote. James Ashe, aliyefanya kazi kwenye bustani ya nyoka ya makumbusho ya Nairobi, alitangaza kwa wanasayansi nyoka mpya kabisa: mdogo, mweusi, magamba yake yamechongoka na yamepakwa njano kwenye ncha, anayeishi juu ya vichaka. Aliitwa Atheris desaixi, kwa heshima ya Frank DeSaix aliyempata. Na alipatikana wapi? Msitu wa karibu na Chuka. Kutoka Ishiara, hapo si mbali, unashika barabara tu. Baadaye akaonekana pia Igembe, kwenye milima ya Nyambene. Duniani kote anajulikana Kenya tu, katika hizi sehemu zetu za Mlima Kenya.

Unaweza kumaliza mwenyewe hadithi hiyo. Nyoka mzuri, adimu, anayetoka eneo dogo: wafugaji wa ng'ambo walimtaka. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, Kenya iliomba awekwe kwenye orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa, na ombi likapita.

Kwa hiyo akija mgeni mwenye begi zuri na kukuambia yeye anataka tu umwonyeshe msitu, au umletee "kale keusi ka njano", ujue unaulizwa swali lile lile Wamakonde walilojibu, ila sheria imebadilika. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, huwezi kufuga wala kuuza nyoka bila kibali cha KWS. Na usiseme ni mdudu mdogo tu: mwaka 2025 watu walipatikana na hatia hapa Kenya kwa kutaka kutorosha sisimizi, na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi kumi na miwili ndani. Sisimizi, maze. Aliyewanunua alikuwa na pesa ya wakili. Wewe je?