George Mukabi: Gita Moja, Chupa ya Soda na Lugha ya Wote

Miongoni mwa wasanii waliokuza wimbo wa Kiswahili magharibi mwa Kenya, marehemu George Mukabi ana nafasi ya pekee. Hakuwa na bendi kubwa wala vyombo vya umeme. Alikuwa na gita moja la kawaida, mdundo wa chupa tupu ya soda, na sauti aliyojaliwa na Mola. Kwa zana hizo chache aliacha nyimbo ambazo zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake zingali zinasikilizwa. Maisha yake ni jibu tosha kwa wale wanaoshikilia kwamba uduni wa vifaa huzaa uduni wa sanaa.

Mukabi alizaliwa mwaka 1930 huko Kisa, eneo ambalo leo limo Khwisero katika Kaunti ya Kakamega. Reli kutoka Kisumu ilifika Butere, jirani na kwao. Reli hiyo iliwachukua vijana kwenda kutafuta kazi mijini na kuwarejesha wakiwa na mambo mapya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka 1945, mojawapo ya mambo hayo mapya lilikuwa gita. Kijana wa kipato cha chini aliweza kujinyima, akanunua lake, akalitundika begani na kulipiga popote, hata katika kijiji kisichojua umeme.

Katika miaka hiyo wapigaji gita wa Kenya walitega sikio Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, na santuri za Mwenda zikaenea Afrika Mashariki. Mwaka 1959 Mwenda mwenyewe alikuja Nairobi, akakaa kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, vijana wa Uluhyani hawakuishia katika kuiga. Waliuchukua ufundi huo wa vidole wakauoanisha na midundo ya kwao, na ndipo ukakua mtindo unaojulikana kama omutibo. Mukabi anahesabiwa kuwa bingwa wake mkuu.

Ili kuelewa ubingwa huo, yafaa kutazama jinsi mtindo wenyewe unavyofanya kazi. Kidole gumba hupiga nyuzi nene kwa zamu, kikishika mapigo mazito ambayo katika bendi yangepigwa na mtu mwingine. Kidole cha shahada hucheza juu ya nyuzi nyembamba, kikiongoza kiimbo na kuijibu sauti ya mwimbaji. Chupa nayo hugongwa au kukwaruzwa kwa kipande cha chuma, ikatoa mlio mkali unaoshikilia kasi ya wimbo. Hivyo vidole viwili na chupa moja hutenda kazi ya kundi zima. Chupa haikuwa kiraka cha kuziba pengo la ngoma. Mlio wake ulikuwa sehemu ya umbo la wimbo, na anayeuondoa huubadilisha wimbo wenyewe.

Uchache huo ulijitokeza pia katika maneno. Upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulibeba takriban dakika 3 tu. Msanii hakuwa na nafasi ya kuzungukazunguka. Ilimbidi amtaje mhusika, afumbue kisa, atoe hisia au nasaha yake, na kumaliza kabla ya sindano kufika katikati ya sahani. Mukabi alilimudu sharti hilo. Wimbo wake mashuhuri wa mapenzi unaomhusu Sengula ni mfano mzuri wa jinsi maneno machache ya kila siku, yakirudiwa kwa mpango, yanavyoweza kubeba uzito wa shairi.

Zana nyingine iliyokuwa karibu naye ni Kiswahili. Safari ya kutoka Kisa hadi Matayos si ndefu, lakini msikilizaji hubadilika njiani. Matayos, ambako ndiko uliko mji wa mpakani wa Busia, ni njia panda ya lugha. Hapo Wakhayo hukutana na Wamarachi na Wasamia, Waluo hawako mbali, na ukielekea Malaba unaingia katika nchi ya Wateso. Ng'ambo ya mpaka ni Uganda. Wimbo wa Kikisa ungepoteza sehemu ya maana yake katika mazingira hayo. Wimbo wa Kiswahili ulifahamika kwa mchuuzi, kuli na msafiri, pasipo mkalimani. Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo nayo haikudai umeme, ilitosha kuufikisha. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, si cha mwambao, ila kilitimiza wajibu wake bila kuyumba.

Mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilijipatia uhuru, Mukabi aliuawa katika ugomvi. Alikuwa na umri wa takriban miaka 33. Kifo hicho kilikatiza kazi iliyokuwa bado inachanua, na kuziacha nyimbo zake katika santuri zinazovunjika kwa urahisi. Bahati njema, mtindo haukufa naye. Mwanawe, Johnstone Mukabi, aliurithi. Abana ba Nasery wa Bunyore waliuendeleza, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakarekodi London, chupa ya Fanta ikiwa mojawapo ya ala zao. Mwaka 2017 baadhi ya nyimbo za Mukabi zilikusanywa na kutolewa upya katika albamu iitwayo Furaha Wenye Gita.

Ni jambo la kutia moyo, lakini pia la kufikirisha, kwamba kazi hiyo ya kuhifadhi ilifanywa na kampuni ya Marekani. Kunakili nyimbo hizi, kufafanua msamiati wake na kuzichambua kama ushairi hakuhitaji maabara wala mitambo ya bei ghali. Kunahitaji kinasa sauti kidogo, daftari, kalamu na masikio yaliyo tayari. Mukabi alianza na vichache kuliko hivyo, na akamaliza kwa kuacha hazina.