Mboya na Tiketi za Wengine

Wapendwa, mimi nina digrii ya biashara. Tom Mboya hakuwa na digrii. Alizaliwa 1930 kwenye shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, akasomea kazi ya ukaguzi wa afya hapa Nairobi. Lakini alizunguka Marekani kutafuta pesa, na 1959 ndege ikabeba vijana 81 kwenda kusoma huko. Wangari Maathai alipitia mpango huo 1960. Mboya aliuawa 1969, miaka 38 tu, ila wengi wa vijana hao walirudi wakaijenga Kenya.

Wewe wa Kibera, wewe wa Kawangware, usingoje mfuko wako ujae kwanza. Kuna mtoto kwenye ploti yenu amekosa karo. Anza na huyo. Amina.