Askofu Frank Weston

Frank Weston alizaliwa Uingereza mwaka wa 1871. Alifika Unguja mwaka wa 1898, akafundisha chuoni Kiungani, na mwaka wa 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilikuwa pamoja na nchi ya Bondei, iliyo kusini yetu sisi watu wa Moa.

Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, walikuwako maaskofu wa Kanisa lile lile, wa Mombasa na wa Uganda. Mwezi wa Juni, 1913, walikutana Kikuyu na wamisionari Waskoti na wengineo, ili misioni zao zipatane. Shauri lao lilikuwa kwamba Maandiko Matakatifu yawe kanuni kuu ya imani. Mwisho wakashiriki meza ya Bwana pamoja.

Weston alihuzunika sana. Naye aliyaheshimu Maandiko, lakini aliamini ya kuwa Kanisa ndilo lililokabidhiwa kuyafundisha, na ya kuwa maaskofu ni walinzi wa imani. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, akitaka wenziwe wahukumiwe. Hawakuhukumiwa.

Mtu mwingine angalinuna. Lakini mwaka wa 1918 Weston alikwenda Kikuyu mwenyewe, akaketi na watu wa upande ule, akawaeleza shauri lake la umoja. Halikukubaliwa. Mwaka wa 1920, huko London, akawasaidia maaskofu kutoa wito wa umoja kwa Wakristo wote.

Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba, 1924. Basi, wanafunzi, mkishindana na ndugu zenu kwa ajili ya dini, ikumbukeni safari yake ya Kikuyu.