Apolo Kivebulaya wa Mboga



Mimi ni mtumishi wa serikali. Mwaka mmoja nilipangiwa kazi wilaya ya mbali, nikaandika barua ya kuomba nisiende. Nilikubaliwa. Kila ninapokumbuka maisha ya Apolo Kivebulaya, barua ile hunitia haya.

Apolo alikuwa Mganda, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alikwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo, kuhubiri Injili na kufundisha watu kusoma. Mtawala wa huko, Tabaro, alimchukia. Apolo alipigwa, na kanisa lake likachomwa moto. Kisha dada yake Tabaro aliangukia mkuki kwa bahati mbaya, akafa. Apolo akashtakiwa kuwa ndiye muuaji, akatiwa gerezani Fort Portal.

Humo gerezani, kwa ushuhuda wake mwenyewe, Kristo alimtokea akamtia moyo. Alipoachiliwa angeweza kurejea kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi Mboga. Hatimaye Tabaro naye alibatizwa.

Apolo alipata ukasisi mwaka 1903, akawafikia hata watu wa msitu wa Ituri. Alifariki Mboga mwaka 1933, akazikwa ameelekezwa magharibi, upande wa msitu, kama alivyoagiza.

Neema twaipewa bure, lakini aliyeipokea hutumwa, na mara nyingi hutumwa asikopenda. Vijana, siku mtakapopata barua zenu za kupangiwa kazi, mkumbukeni Apolo kabla ya kushika kalamu.