Sidi Mubarak Bombay, Aliyeijua Afrika kwa Miguu

Watoto, mkisimama Muhumba na kulitazama ziwa Kivu, mnaona maji yametulia. Lakini maji hayo hayakai daima mahali pamoja. Karibu nanyi, mpakani mwa Rwanda, yanatoka ziwani na kuwa mto Ruzizi. Mto huo unashuka kwa nguvu kati ya milima, unapita katika uwanda ulio juu ya Uvira, kisha unaingia katika ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko yapata meta 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko yapata meta 770 tu. Maji hushuka, hayapandi.

Kwetu jambo hili ni jepesi. Lakini zaidi ya miaka mia iliyopita, wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu ya mto huu. Wengine walidhani kwamba unatoka Tanganyika na kwenda kaskazini mpaka Nili. Mwafrika mmoja aliwasaidia kuujua ukweli. Leo tusome habari za mtu huyo.

1. Mtoto aliyeibwa

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, mahali ambapo leo Tanzania inapakana na Msumbiji. Mama yake alikufa alipokuwa bado mchanga, akalelewa na baba yake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, wafanya biashara kutoka pwani waliingia kijijini na bunduki. Walidai deni. Watu walipoona hatari walikimbia porini, lakini wengine walikamatwa, na yule mtoto alikuwa mmoja wao.

Akafungwa minyororo, akapelekwa Kilwa kwa miguu. Huko Mwarabu mmoja alimnunua kwa vipande vya nguo. Ndiyo bei ya mtoto wa watu! Kisha akapelekwa Unguja, na kutoka Unguja akapandishwa jahazi mpaka Bara Hindi. Baba yake hakumwona tena.

Alikaa Bara Hindi miaka mingi akimtumikia bwana wake, akajifunza lugha ya Kihindi. Bwana wake alipokufa, aliachwa huru. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limekwisha potea. Watu walimwita Sidi Mubarak Bombay. Sidi ni jina walilopewa Waafrika katika nchi ile, Mubarak maana yake ni aliyebarikiwa, na Bombay lilikuwa jina la mji mkubwa wa huko.

Akavuka bahari tena, akarudi Unguja, akawa askari wa Sultani.

2. Kutoka pwani mpaka ziwa

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika pwani. Walitaka kuyaona maziwa makubwa ya bara. Bombay alijua Kihindi, na Speke naye alikijua kidogo, basi wakaelewana. Bombay akaacha uaskari, akaingia katika safari.

Pwani kuna joto na jasho. Minazi inapepea, na mikoko inaota katika matope ya bahari. Walipokwenda siku nyingi, nchi ilianza kupanda. Wakafika katika milima ya Usagara. Huko kulikuwa na baridi, na miti ya kijani, na vijito vya maji safi. Upepo unaotoka bahari ya Hindi hubeba mvuke; ukigonga milima hupanda juu, hupoa, na mvua hunyesha.

Wakavuka milima, wakashuka upande wa pili. Tazama, nchi imebadilika kabisa! Hii ni Ugogo. Upepo umekwisha acha mvua yake milimani, na huku unafika ukiwa mkavu. Kuna mibuyu, vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Maji ni haba, na pengine ni machungu. Wapagazi walipita hapo na kiu kali.

Baada ya Ugogo wakafika Unyamwezi, nchi ya juu iliyo tambarare, yenye misitu ya miombo. Miti hiyo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mvua ikikaribia hutoa majani mapya mekundu. Mwisho, mwezi wa Februari 1858, nchi ikakatika ghafula mbele yao. Chini kabisa, katika bonde refu, waliona maji ya ziwa Tanganyika, na huko Ujiji waliona michikichi.

3. Mto wetu Ruzizi

Mwezi wa Aprili 1858 walipanda mitumbwi, wakafika Uvira. Hapo ndipo walipouliza habari za Ruzizi. Wana wa mtemi wa Uvira walisema kwamba mto unaingia ziwani. Burton alihuzunika sana, kwa maana alitumaini kwamba unatoka. Hapo kwanza Speke alikuwa amesikia kwa mfanya biashara mmoja habari ya mto unaotoka ziwani. Bombay akaeleza kwamba Speke alikosa kuelewa maneno ya mtu yule: alisema mto unaoingia, si unaotoka.

Haikuwa rahisi mtumishi kumwambia bwana wake kwamba amekosa. Bombay alijua pia kwamba habari hii haitawapendeza. Lakini alisema aliyoyajua.

Wapiga makasia waliogopa kuendelea, na siku ile hawakuufikia mto wenyewe. Ilipofika mwaka 1871, Livingstone na Stanley waliufikia, wakaona kwa macho yao kwamba maji yanaingia Tanganyika. Watu wa Uvira walisema kweli, na Bombay alikuwa amesikia vema.

4. Mpaka mto Nili

Mwezi wa Agosti 1858 Bombay na Speke walifika kusini mwa ziwa kubwa la Nyanza, karibu na Mwanza. Mwaka 1860 wakaanza safari nyingine, pamoja na Mwingereza jina lake Grant. Walipita vilima vya baridi vya Karagwe, wakaingia Buganda. Hapo mvua hunyesha karibu miezi yote. Migomba imejaa vilimani, na mafunjo yamejaa mabondeni. Julai 1862 Bombay alikuwa pamoja na Speke, naye akaona mahali ambapo Nili inatoka katika Nyanza.

Wakaufuata mto upande wa kaskazini. Kadiri walivyokwenda, mvua ilipungua. Migomba ikaisha, yakaja majani marefu na miti ya mbali mbali. Kisha mabwawa makubwa ya mafunjo, ambamo Nili inatawanyika. Kisha nchi kavu, na mwisho jangwa lenyewe, mchanga na mawe matupu. Maji ya mto ule, yaliyotoka katika nchi ya migomba, yaliwapa uzima watu wa Misri ambao karibu hawaoni mvua. Bombay alifika Kairo mwaka 1863, akarudi Unguja kwa meli.

5. Kuvuka Afrika yote

Mwaka 1871 Bombay aliwaongoza askari wa Stanley mpaka Ujiji, wakamkuta Livingstone. Mwaka 1873 aliondoka tena pwani pamoja na Cameron. Mwaka ule ule soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Safari hii ilipita nchi yetu ya Kongo. Walivuka Tanganyika, wakaingia Maniema. Hapo Bombay aliona miti mirefu iliyofunga majani yake juu kama dari, na chini giza na unyevu. Agosti 1874 wakafika Nyangwe, penye mto mpana wa Lualaba. Cameron alipima, akaona kwamba Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, mahali Nili inapopita. Basi Lualaba haiwezi kwenda Nili. Ni mto Kongo.

Hawakupata mitumbwi, wakageuka kusini katika nchi ya Waluba. Msitu ukafunguka, wakaona nyanda za majani. Wakati wa mvua nyanda zile zilijaa maji. Mbele zaidi walifika mahali ambapo vijito vya Kongo na vijito vya Zambezi vinatoka karibu karibu: kimoja kinakwenda kaskazini, kingine kusini.

Katika njia hiyo walifuatana na wafanya biashara ya watumwa. Siku moja waliletwa wanawake zaidi ya 50, wamefungwa kamba kama mbuzi, wengine na watoto wao wadogo. Bombay aliyaona hayo. Yeye mwenyewe alikwisha vaa mnyororo kama huo.

Wakapita nchi ya juu ya Angola yenye baridi. Njaa na ugonjwa vikawapunguzia nguvu. Mwezi wa Novemba 1875 wakaishuka milima, wakaiona bahari ya Atlantiki karibu na Benguela. Pwani ile haikufanana na pwani ya minazi waliyoiacha. Ni kavu, kwa maana maji ya bahari hapo ni baridi, nayo hayaleti mvua nyingi. Bombay alikuwa amevuka Afrika, kutoka bahari mpaka bahari.

6. Mwisho wake

Bombay hakuwa mtu asiye na kosa. Alipenda pombe, na pengine aliacha kazi yake. Lakini alitendewa vibaya pia. Speke alimpiga ngumi mbele ya watu, na Stanley alimpiga fimbo. Vitabu vya wasafiri vilipata sifa nyingi. Wale waliobeba mizigo, waliotafsiri lugha na kutafuta maji hawakusifiwa sana. Hata hivyo, Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na tangu mwaka 1876 kilimlipa posho. Alikufa mwaka 1885.

Katika maisha yake hakufika Kivu yetu. Hakuona mlima Kahuzi wenye mianzi na ukungu, wala milima ya moto ya kaskazini, ambayo zamani za kale iliziba bonde, hata maji ya Kivu yakatafuta njia ya kusini na kuuanza mto Ruzizi. Lakini mtoto wa Muhumba anayeshuka mpaka Uvira huona kwa siku moja jambo ambalo Bombay aliliona kwa miaka mingi: juu kuna baridi na mvua, chini kuna joto na ukavu. Mungu amezipa nchi sura mbalimbali, na kila moja ina sababu yake.

Wale walioweka bei ya nguo juu ya mtoto hawakujua thamani yake. Mtu hana bei, kwa kuwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Nasi tukumbuke: mtu akijua kweli, na aiseme, hata mbele ya wakubwa.

Maulizo

1. Bombay alikamatwa namna gani?
2. Kwa sababu gani Usagara kuna mvua, na Ugogo ni kukavu?
3. Nani walisema kweli juu ya mto Ruzizi?
4. Cameron alijuaje kwamba Lualaba haiendi Nili?
5. Taja tofauti tatu kati ya nchi ya Bukavu na nchi ya Uvira.