Johannes Schmidt, Mtu Aliyewafuata Mikunga

Siku moja katika kipindi cha baiolojia tulibishana juu ya mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu kama nyoka. Rafiki yangu alishikilia kuwa mkunga hutokana na matope, kwani hakuna aliyewahi kuyaona mayai yake. Tulimcheka sana. Kumbe hata Aristotle, yule Mgiriki mwenye hekima, aliamini vivyo hivyo! Ndipo nikaanza kusoma habari za mtu aliyekitegua kitendawili hiki.

Johannes Schmidt alizaliwa nchini Denmark tarehe 2 Januari, 1877. Babake alifariki angali mtoto. Hakuanza na samaki hata kidogo, bali alisomea mimea, na mwaka wa 1903 alipata shahada ya udaktari kwa kuchunguza mikoko, miti ile ile inayoota kwetu Pwani.

Mwaka wa 1904 alikuwa katika meli iitwayo Thor, magharibi ya visiwa vya Faroe, akitafuta vitoto vya samaki wa kuliwa. Wavu ukaleta kiluwiluwi kimoja chembamba kama jani na chenye kung'aa kama kioo, urefu wake sentimita 7 na zaidi. Wataalamu wa Italia walikuwa wameshathibitisha kuwa kiluwiluwi wa aina hii ndiye mkunga mchanga. Lakini huyu alifanya nini katikati ya bahari, mbali na mito?

Schmidt aliwaza hivi. Kiluwiluwi hana nguvu ya kupambana na bahari, yeye huchukuliwa na mkondo tu, naye hukua akiwa safarini. Basi aliye mdogo zaidi ndiye aliye karibu zaidi na mahali alipozaliwa. Ilikuwa kama kufuata nyayo kinyumenyume!

Wenzangu, kazi hiyo haikuwa mchezo. Bahari ya Atlantiki ni kubwa ajabu. Schmidt aliwaomba manahodha wa meli za biashara wamvutie nyavu njiani. Mwaka wa 1913 alisafiri kwa jahazi liitwalo Margrethe, nalo likakwama na kuharibika huko visiwa vya Karibi. Bahati nzuri viluwiluwi alivyokusanya viliokolewa. Mara vita vikuu vya kwanza vikazuka, kazi ikasimama. Mwingine angekata tamaa, lakini yeye alingoja, na mwaka wa 1920 akarudi baharini kwa meli iitwayo Dana.

Kila alipoelekea kusini magharibi, viluwiluwi vilizidi kuwa vidogo, hata akapata vya milimita 5 hivi katika Bahari ya Sargasso. Hapo ndipo nyumbani! Mkondo wa Ghuba huvibeba kutoka huko hadi Ulaya, maelfu ya kilomita, kisha vitoto hupanda mitoni. Mikunga wakikomaa hurudi baharini kuzaa. Mwaka wa 1922 Schmidt alimaliza msako huo uliochukua miaka 18.

Kati ya 1928 na 1930 aliizunguka dunia kwa meli nyingine iitwayo Dana pia. Aliaga dunia tarehe 21 Februari, 1933, kwa homa ya mafua, akiwa na umri wa miaka 56.

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mito yetu ya Tana na Athi ina mikunga, nao huzaliwa baharini. Wanasayansi wanadhani ni mashariki ya Madagaska, na kwamba mkondo unaoelekea magharibi ndio unaowaleta upande wetu. Mkondo huo huo, ukifika Afrika, hugeuka kaskazini na kupita mbele ya Mombasa, ukibeba viluwiluwi vya samaki na matumbawe. Kwa hivyo tukiharibu mwamba mmoja, tunamnyima jirani aliye mbele yetu.

Leo mkunga wa Ulaya yumo hatarini kutoweka. Amevuliwa kupita kiasi, na mabwawa yamemzibia njia. Hata leo hakuna aliyemwona akitaga mayai kule Sargasso. Mkondo ungalipo, lakini asipobaki wa kurudi kuzaa, utabeba nini?

Yule rafiki yangu sasa hasemi tena habari za matope. Nami nimejifunza kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwamba swali la kuchekwa darasani huenda likawa kazi ya miaka 18.