Wangari Maathai: Msomi aliyeambiwa na korti kuwa bustani ya umma haimhusu

MWAKA wa 1989 mwanamke mmoja wa Nairobi alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru usimamishwe. Kesi hiyo ilitupiliwa mbali mwezi Desemba mwaka huo huo. Mlalamishi, ilielezwa, hakuwa na haki ya kisheria ya kushtaki kwa sababu hakuna madhara ya kibinafsi ambayo angeyapata.

Leo hii mkulima wa Kedowa, katika nyanda za juu za Kericho, anaweza kuupinga mradi unaotishia chemchemi au msitu hata ikiwa shamba lake halipakani na mradi huo. Hatakiwi kuthibitisha kwamba amepata hasara yoyote. Haki hiyo imo katika sheria za nchi na pia katika Katiba.

Safari kutoka hukumu ile hadi haki hii ndiyo sehemu ya maisha ya Profesa Wangari Muta Maathai ambayo husahaulika mara nyingi. Wengi humkumbuka kwa miche ya miti. Wachache humkumbuka kama mwanasayansi aliyeshikilia kwamba ardhi ichunguzwe kwanza, na wananchi waulizwe, kabla ya tingatinga kuwashwa.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Akiwa mtoto mdogo, familia yake ilihamia karibu na Nakuru ambako baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mlowezi. Wakati huo sehemu kubwa ya nyanda hizo, kuanzia Nakuru kupitia Molo na Londiani hadi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, ilikuwa mikononi mwa walowezi. Mwaka wa 1947 alirejea Ihithe, na baadaye akaanza shule.

Karibu na nyumbani kwao kulikuwa na mti mkubwa wa mugumo, ambao kwa mila za Wakikuyu haukukatwa. Kando yake kulikuwa na kijito alichokuwa akitekea maji. Miaka mingi baadaye, kama alivyosimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 2006, alirudi na kukuta mti ule umekatwa na mwenye shamba mpya ili apate nafasi ya kupanda chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka.

Kisa hicho kina uzito wa pekee kwa wakazi wa Kericho na Bomet. Chai ndiyo riziki yao, lakini ni zao linalotaka mvua ya kutosha inayonyesha karibu mwaka mzima, na mvua hiyo inategemea msitu. Maathai hakuwa adui wa chai. Alichohoji ni desturi ya kung'oa kila kitu bila kujua kilikuwa na kazi gani.

Baada ya kumaliza masomo katika shule ya wasichana ya Loreto, Limuru, alipata nafasi mwaka wa 1960 ya kwenda Marekani katika mpango wa kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya uliofahamika kwa jina la Kennedy. Alihitimu katika biolojia huko Kansas mwaka wa 1964, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka wa 1966.

Aliporejea nyumbani alikuta kazi aliyoahidiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi amepewa mtu mwingine. Alipata nafasi nyingine katika idara ya anatomia ya mifugo, akasoma pia nchini Ujerumani, na mwaka wa 1971 akatunukiwa shahada ya uzamifu. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho.

Utafiti wa kupe wanaoambukiza ng'ombe ndio uliomrudisha mashambani. Alikwenda kukusanya kupe, lakini macho yake yaliona mengine: mito iliyogeuka rangi kwa udongo uliosombwa, ng'ombe waliokonda, na akina mama waliotembea mbali kutafuta kuni. Alihitimisha kwamba tisho kubwa kwa mifugo na kwa watu lilikuwa ni uharibifu wa ardhi kuliko kupe.

Tarehe 5 Juni 1977, chini ya mwavuli wa Baraza la Kitaifa la Wanawake, yeye na wenzake walipanda miti saba jijini Nairobi. Huo ukawa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, ambalo baadaye lilipanda makumi ya mamilioni ya miti kupitia vikundi vya akina mama vijijini.

Maisha yake ya binafsi hayakuwa mepesi. Ndoa yake na Mwangi Mathai ilivunjika kortini mwaka wa 1979, na akafungwa kwa siku chache kwa kumkosoa jaji. Mwaka wa 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kuwania, na chuo kikakataa kumrejesha kazini. Alibaki bila mshahara na bila nyumba, akiwa na watoto watatu.

Korti yafunga mlango

Mzozo wa Bustani ya Uhuru ulizuka mwishoni mwa mwaka wa 1989. Chama tawala cha Kanu, kupitia shirika lililochapisha gazeti la Kenya Times, kilipanga kujenga jumba refu kuliko yote Afrika, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Bustani hiyo ilikuwa mahali pa mapumziko kwa maelfu ya watu wasio na uwezo wa kwenda kwingine.

Maathai aliandika barua kwa gazeti lenyewe, kwa Ofisi ya Rais, kwa tume ya jiji la Nairobi, kwa wizara husika, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa balozi wa Uingereza. Alitaka kujua ni nani aliyeidhinisha mradi huo na wananchi walishauriwa lini. Majibu aliyoyapata yalikuwa kejeli. Wabunge walimshambulia kwa maneno makali, na rais mwenyewe akamtaka afuate mila kwa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza.

Sherehe ya kuanzisha ujenzi ilifanyika mwezi Novemba. Kesi yake ilipotupwa mwezi uliofuata, serikali ililifukuza vuguvugu lake kutoka ofisi za umma, na kazi zikahamishiwa nyumbani kwake. Hata hivyo, barua zile zilikuwa zimefika mbali. Wafadhili wa kigeni walianza kusitasita, na mapema mwaka wa 1990 mradi huo ukasambaratika.

Ushindi huo haukuwa wa kisheria. Jumba lilikwama kwa kukosa pesa, wala hakukuwa na kanuni yoyote iliyomlazimu mwekezaji kuchunguza athari za mradi wake. Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya namna hiyo tangu mwaka wa 1970. Nchini Kenya, ramani na kibali cha wakubwa vilitosha.

Pengo hilo lilidhihirika tena katika msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi. Mwaka wa 1998 iligunduliwa kwamba sehemu za msitu huo wenye zaidi ya hekta 1,000 zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge makazi ya kifahari. Maathai na wafuasi wake walikwenda huko na miche mikononi.

Tarehe 8 Januari 1999, akiwa pamoja na wabunge wa upinzani, wanahabari na wageni, walivamiwa na genge la walinzi wapatao 200. Profesa huyo alijeruhiwa kichwani. Alikwenda kuripoti kwa polisi na kutia saini taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Sheria mpya

Siku chache baada ya mwaka wa 2000 kuanza, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, iliyopitishwa mwaka wa 1999, ilianza kutumika. Ilikuwa kazi ya wataalamu na wanasheria wengi, wala si ya mtu mmoja. Lakini vipengele vyake viwili vinasomeka kama jibu kwa mambo yaliyotokea mwaka wa 1989.

Kwanza, mwenye mradi mkubwa analazimika kufanya tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni kabla ya kuanza. Wataalamu waliosajiliwa hukagua eneo: mimea na wanyama waliopo, maji yanakotoka na yanakoelekea, udongo, na maisha ya watu wa karibu. Ripoti hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti mengine ili wananchi watoe maoni. Msimamizi wa shughuli hiyo ni Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Pili, sheria hiyo ilimpa kila mtu haki ya kwenda kortini kuyatetea mazingira bila kuonyesha kwamba ameumia yeye binafsi. Mlango uliofungiwa Maathai ukafunguliwa kwa Wakenya wote.

Hayo hayakumaliza vita. Mwaka wa 2001 serikali ilitangaza nia ya kuondoa takriban hekta 67,000 katika misitu ya umma, sehemu kubwa ikiwa katika Mau. Maathai alipinga mpango huo na kukusanya saini. Tarehe 7 Machi mwaka huo alikamatwa karibu na Mlima Kenya, akaachiliwa siku iliyofuata bila mashtaka.

Hapo ndipo simulizi yake inapogusa moja kwa moja Kedowa, Londiani, Kericho na Bomet. Msitu wa Mau, wenye zaidi ya hekta 400,000, ndio chanzo cha mito inayoingia katika Ziwa Victoria, Nakuru, Baringo na Natron, ikiwemo Sondu na Mara. Sehemu yake ya kusini magharibi inapakana na mashamba makubwa ya chai. Jopokazi lililoundwa na serikali lilieleza mwaka wa 2009 kwamba takriban robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika muda wa miaka 15 hivi.

Maathai, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Tetu mwaka wa 2002 na kuwa waziri msaidizi wa mazingira kuanzia 2003 hadi 2005, aliunga mkono kurejeshwa kwa Mau. Msimamo huo haukupendwa na wote. Familia zilizofurushwa kutoka msituni mwishoni mwa mwaka wa 2009 zililala kwenye vibanda kando ya barabara, na viongozi wengi wa Bonde la Ufa walilalamika kwamba maskini ndio waliobebeshwa mzigo huku wakubwa waliojigawia ardhi wakisalia salama.

Malalamishi hayo yalikuwa na msingi. Lakini pia yanaonyesha gharama ya kutochunguza mapema. Ardhi inapogawanywa kwanza na athari zake kuulizwa baadaye, anayeumia ni msitu na pia ni yule aliyepewa kipande cha ardhi kwa nia njema akajenga juu yake.

Tarehe 8 Oktoba 2004 ilitangazwa kwamba Maathai ndiye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Mwaka wa 2007 alipoteza kiti chake cha ubunge. Tuzo ya dunia haikumkinga dhidi ya siasa za nyumbani.

Aliishi hadi kuiona Katiba ya 2010. Katiba hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi, inaitaka serikali kuweka mifumo ya tathmini ya athari kwa mazingira, na inasema wazi kuwa anayekwenda kortini kuitetea haki hiyo hahitaji kuonyesha hasara.

Profesa Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 71. Maombolezi ya kitaifa yalifanyika Bustani ya Uhuru, palepale ambapo jumba la ghorofa 60 lilikusudiwa kusimama. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Nguvu ya sheria hizo ilionekana mwezi Juni 2019, wakati Jopo la Kitaifa la Mazingira lilipoifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe huko Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioshtaki walikuwa wakazi wa kawaida na vikundi vyao.

Hata hivyo, utaratibu huo una kasoro zake. Mtaalamu anayeandika ripoti hulipwa na mwenye mradi, na tangazo hutolewa katika kurasa ambazo wengi hawazifungui. Ripoti nyingine huandikwa kwa lugha asiyoielewa mtu wa kijijini, na mikutano huitishwa saa ambazo wakulima wako shambani.

Katika kaunti kama Kericho, ambako vituo vya kando ya barabara vinapanuka kila mwaka na mashamba yanakatwakatwa kuwa ploti, hayo ni mambo ya kila siku. Mkazi wa Kedowa anayesikia kwamba machimbo au mtaa mpya unakusudiwa juu ya chemchemi ya kijiji chake ana haki ya kudai kuiona ripoti, kuandika pingamizi, na hatimaye kwenda mbele ya jopo au korti. Maathai aliandika barua zake bila sheria yoyote nyuma yake. Anayeandika leo anayo, na ni heri aandike kabla leseni haijatolewa na mashine hazijafika.